Mpiga mbiu aliyeliruka jina moja

Saa kumi na moja jioni, siku ya Ijumaa, michi inanyamaza Kafin Aduwa. Hakuna aliyetoa amri. Wanawake waliokuwa wakitwanga mtama wanaegemeza michi ukutani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mji mzima unabaki na sauti za mbuzi tu.

Kisha ngoma inalia mara tatu.

Malam Yero anatembea kando ya ukuta wa iliyokuwa shule ya wasichana. Ngoma yake ndogo iko kwapani, na kilemba kimefunika masikio kwa ajili ya vumbi. Ana umri wa miaka hamsini na sita. Anasimama mahali palipokuwa na lango, anakohoa, na kuanza kwa maneno yale yale anayotumia mbuzi wa mtu anapopotea: "Enyi watu wa Kafin Aduwa, aliyeona asifiche, aliyesikia asinyamaze."

Halafu anaita majina. Lami binti Garba. Jummai binti Sule. Rifkatu binti Istifanus. Anaita polepole, akiacha nafasi kati ya jina na jina, kana kwamba anasubiri kuitikiwa. Milangoni wanawake wanahesabu kwa vidole. Sauti inagonga kuta za mabweni matupu na kurudi ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo kila jina husikika mara mbili, la pili likiwa jembamba zaidi.

Anaita majina ishirini na matano. Baada ya hapo ananyamaza kwa muda unaotosha jina moja tena. Hapigi ngoma. Anautazama ukuta tu. Kisha anageuka na kwenda nyumbani.

Watoto wanaochunga mbuzi upande wa pili wanaapa kwamba ukuta haujawahi kurudisha majina ishirini na matano. Wao huhesabu ishirini na sita kila Ijumaa. Wakubwa huwakemea. Lakini hakuna mkubwa aliyewahi kwenda upande ule kuhesabu.

Jina lisiloitwa ni la binti yake mwenyewe, Hindatu. Alhamisi ijayo ni siku ya mwisho ya kuandikisha wasichana wanaotafutwa. Baba yake asipolitamka jina hilo kwa kinywa chake mbele ya karani, halitaandikwa, na wale watakaokwenda porini kuwaomba watekaji wawaachilie wasichana hawatamtaja Hindatu.

Yero alirithi kazi ya mbiu kutoka kwa baba yake, pamoja na ngoma yenyewe. Hutangaza harusi, misiba, chanjo, punda waliopotea na siku ya kuzibua mfereji. Kila mbiu hulipwa naira mia tano, na mwenye nyumba mkarimu humwongezea bakuli la fura ya mtama na maziwa. Wiki nyingine hupata mbiu sita, nyingine hapati hata moja, kwa kuwa vijana wa sasa hutangaziana harusi kwa simu wakipanda mlima kutafuta mtandao.

"Lakini punda hana simu," anasema. "Punda akipotea wanarudi kwangu."

Mji mzima unaijua sauti yake. Ndiyo maana kuna jambo linalowafanya wageni washangae na wenyeji wasishangae kabisa: mtu huyu aliyetaja majina ya watu kwa miaka thelathini hajawahi hata mara moja kutaja jina la mtoto wake wa kwanza.

Hapa mzazi hafanyi hivyo. Mtoto wa kwanza haitwi kwa jina lake na mama wala baba. Huitwa "wewe", au "yule", au hupachikwa jina la pembeni. Jirani atamwita Hindatu, mwalimu atamwita Hindatu, bibi yake atamwimbia Hindatu mgongoni. Mzazi ataona haya. Yero na mkewe, Tasalla, walimwita binti yao Mgeni tangu siku ya saba baada ya kuzaliwa.

"Si kwamba humpendi," anasema Tasalla. "Ni kwamba unampenda na watu wanakutazama."

Ilikuwa mwezi wa Februari, miaka minne iliyopita, wakati wa upepo wa vumbi, wanaume wenye silaha walipoingia shuleni. Walivaa sare za jeshi. Wasichana waliofanikiwa kukimbia wanasema wanaume hao waliongea kwa upole, wakawaambia wamekuja kuwalinda, wajipange mstari. Wasichana wakajipanga. Thelathini na wawili walipandishwa kwenye malori. Ofisi ya shule ilichomwa moto, na daftari la majina likaungua nalo.

Watu wa kwanza kufika asubuhi hawakukuta damu wala mtu. Walikuta mabirika. Wasichana wa shule ile walikuwa na desturi ya kujaza maji kwenye mabirika yao ya plastiki kabla ya kulala na kuyapanga uani, ili wakiamka alfajiri watawadhe bila kugombania bomba. Hata Rifkatu, ambaye husali kanisani, alikuwa na lake, kwa sababu alipenda kuamka pamoja na wenzake.

Mabirika yalikuwa yamejaa, yamepangwa vizuri, midomo yote ikielekea upande mmoja. Hakuna aliyethubutu kuyagusa. Yalikaa pale siku tisa mpaka maji yakakauka yenyewe, ndipo kila familia ikaja kuchukua la kwao.

Siku ya tatu lilikuja gari lenye karani mmoja wa serikali na waandishi wawili wa habari. Karani alikuwa kijana wa kusini, mpole, mwenye haraka. Alikaa kwenye benchi mbele ya lango na kuwaomba wazazi wakae chini. Kisha akauliza ni nani hapa anayejua majina ya watu wote.

Watu wote wakamtazama Yero.

Alisimama karibu na benchi, ngoma kwapani. Karani alimnyooshea kalamu mzazi mmoja mmoja, na Yero akataja jina la binti. Alipofika kwa Garba alitaja. Alipofika kwa Sule alitaja. Alipofika kwa Tabawa, muuza karanga, ambaye binti yake aliyechukuliwa ndiye mwanawe wa kwanza, alimwona amefunika uso kwa kanga. Kumtajia mwanamke jina la mtoto wake wa kwanza mbele ya macho yake, mbele ya wageni wanaoandika, ilikuwa sawa na kumvua kanga ile. Yero akapitiliza. Akadhani karani ataelewa na kumuuliza jirani baadaye.

Karani hakuelewa. Aliona mzazi aliyefunika uso, akadhani analia, akamwonea huruma na kusogeza kalamu kwa anayefuata.

Wazazi kumi na wawili walipitwa hivyo. Wa kumi na tatu alikuwa Yero mwenyewe. Hakuna aliyemnyooshea kalamu, kwa sababu yeye alikuwa amesimama, na walioorodheshwa walikuwa wamekaa.

Gari lilikaa Kafin Aduwa saa moja na nusu. Jioni redio ikasema wasichana kumi na tisa wametekwa.

"Tulikuwa tumekaa pale barazani," anakumbuka Yero. "Redio ikasema kumi na tisa. Kila mtu akaniangalia, halafu kila mtu akaangalia chini. Hakuna aliyenilaumu. Heri wangenilaumu. Karatasi ile ni sauti yangu."

Wazee wa mji waliandika barua kusahihisha. Wakajibiwa kwamba orodha imefungwa, na kwamba majina yanayoongezwa baada ya habari kutoka redioni huwa na mashaka, kwani wapo watu wanaojipatia msaada kwa watoto wa kubuni. Waliandika tena mara mbili. Magazeti yaliendelea kuandika kumi na tisa, na baada ya wiki mbili hayakuandika tena.

Mwezi uliofuata wasichana wengi zaidi walitekwa katika mji mwingine mkubwa, mwendo wa siku moja kwa gari. Mji ule ulikuwa na mnara wa simu, na walimu wenye picha za wanafunzi wao. Dunia ilijua majina ya wasichana wale. Watu wa nchi za mbali walivaa fulana zenye nyuso zao. Kafin Aduwa hawasemi hilo kwa kijicho. Wanawake wa hapa waliwaombea wasichana wale kila Ijumaa na bado wanawaombea.

"Wao walikuwa na mtandao," anasema Yero. "Sisi tulikuwa na mimi."

Kuna siku msafara wa waandishi wa kigeni ulipita hapa ukielekea mji ule. Gari moja lilipasuka tairi mbele ya soko. Watu wakajaa. Dereva akamwomba Yero awasogeze watu ili fundi afanye kazi, naye akapiga ngoma na kuwasogeza. Wakampa naira elfu moja, wakamshukuru, mmoja akampiga begani. Kamera zilikuwa pale, kwenye mabegi yao, umbali wa hatua mia tatu kutoka ukuta wa shule. Hakuna aliyeuliza ukuta ule ni wa nini.

"Na wewe hukusema?" Modu, kinyozi wa sokoni, humuuliza kila anapomnyoa. Modu ni Mkanuri na Yero ni Mfulani, kwa hiyo ni watani, na mtani husema asichoweza kusema ndugu. "Mtumwa wangu huyu ana mdomo wa kukodi. Mbuzi wa watu anamlilia mji mzima. Wa kwake amemmeza."

"Nyoa," Yero humjibu. "Wembe wako ndio butu, na ulimi wako pia."

Lakini mwezi wa Januari mwaka huu, Modu aliacha utani huo kwa wiki nzima.

Mwezi huo wasichana sita walirudi. Watu wa kati walikuwa wamekwenda porini na kuzungumza na watekaji, na wale sita wakaachiliwa. Mmoja wao ni Asabe, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa na anakaa kwa shangazi yake nyuma ya soko. Hapendi kukaa kwenye chumba chenye mlango uliofungwa. Anasuka mikeka uani, na anaposimulia haachi kusuka.

Anasema walipelekwa mahali pa wazi, asubuhi, wasichana wengi kutoka miji mbalimbali. Mtu mmoja akasoma karatasi. Aliyesikia jina lake alikwenda kusimama upande wa pili. Msomaji alisema asiyekuwa kwenye karatasi akae alipo. Wengine kwenye karatasi walikuwa wameshakufa, na wengine walikuwa wamepelekwa mbali. Waliosogea kutoka Kafin Aduwa walikuwa sita.

Hindatu alikuwa pale. Alikuwa mzima. Alikuwa amesimama.

"Alidhani wamechelewa kulifikia jina lake," Asabe anasema. "Akasubiri mpaka yule mtu akaikunja karatasi. Mimi nilikuwa nimeshavuka, nikamtazama. Alicheka kidogo. Akaniambia, 'Baba kaona haya.' Kisha akakaa chini."

Asabe alimsimulia Yero maneno hayo siku ya pili baada ya kurudi. Yero alimsikiliza mpaka mwisho, akamwombea dua, akatoka. Watu wanasema alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani, ingawa haikuwa Ijumaa, akasimama pale hadi adhana ya magharibi bila kupiga ngoma wala kufungua mdomo.

Maneno ya Asabe yaliyafikia masikio ya wakubwa, na hatimaye ikakubaliwa kwamba orodha ifunguliwe upya. Karani angekuja kwenye ukumbi wa halmashauri Alhamisi nne mfululizo. Sharti lilikuwa moja: ili kuzuia udanganyifu, mzazi mwenyewe, baba au mama, afike, alitamke jina la binti yake kwa sauti, kisha aweke dole gumba. Barua haikubaliki. Jirani hakubaliki. Mpiga mbiu hakubaliki.

Alhamisi ya kwanza alikwenda Tabawa, muuza karanga. Karani wa sasa ni mwanamke kijana aitwaye Ngozi. Tabawa aliketi mbele yake, akageuka na kuukabili ukuta wa ukumbi. Akauambia ukuta jina la binti yake, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Ngozi alimwomba ageuke aseme akimtazama yeye.

"Andika, mwanangu," Tabawa akamwambia. "Ukuta umeshasikia, na wewe umeshasikia. Usitake na macho yangu."

Ngozi aliandika. Baada ya hapo kiti cha wazazi kiligeuzwa kikatazama ukuta, na kikabaki hivyo. Kufikia Alhamisi ya tatu majina kumi na mawili yalikuwa yameingia.

Yero alikwenda Alhamisi zote tatu. Alikaa foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika alikaa kwenye kiti, akautazama ukuta, akafungua mdomo. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili alisema "Hin," kisha akaomba maji. Mara ya tatu akainuka tu, akamwambia Ngozi amsamehe kwa kumpotezea muda.

Tasalla, mkewe, naye alikwenda ukumbini mara moja, akarudi kutoka mlangoni.

"Ningeweza," anasema. "Wenzangu wameweza. Lakini siku ile mimi sikuwepo, nilikuwa na homa. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama pale na mdomo. Jina liliachwa na yeye. Nikilitaja mimi, yeye atabaki nalo kooni mpaka kufa."

Birika la Hindatu liko mlangoni mwa chumba chao. Ni la kijani, lina ufa mdogo kwenye mpini. Kila baada ya sala ya isha Tasalla hulijaza hadi shingoni na kulielekeza mdomo upande wa shule. Kila alfajiri maji huwa yamepungua kiasi cha kidole kimoja.

Yero husema ni upepo, upepo wa majira haya hukausha hata mate mdomoni. Tasalla hasemi ni nini. Anachosema ni kwamba msimu wa mvua, wakati nguo zenyewe hazikauki, maji hupungua kidole kile kile. Mungu ndiye ajuaye. Yeye hulijaza tena.

Alhamisi ya nne, saa tatu asubuhi. Ni siku ya soko. Ukumbi wa halmashauri umejaa wenye shida nyingine, na kwenye meza ya Ngozi foleni ina mtu mmoja tu.

Yero amekuja na ngoma yake. Ngozi anamwambia kwa heshima kwamba hapa haihitajiki. Anamwonyesha kiti kinachotazama ukuta.

"Mama, kiti hiki si cha kwangu," anasema Yero. Humwita karani "mama", ingawa ni wa umri wa binti zake. "Wenzangu wamesema na ukuta kwa kuwa wao ni wazazi tu. Mimi nimesema na ukuta miaka minne. Niruhusu nifanye kazi yangu. Kalamu yako inaweza kusikia kutoka mlangoni?"

Ngozi anaitazama karatasi yake, halafu anamtazama. Anasema inaweza.

Yero anatoka hadi kizingitini, mbele ya soko zima. Anapiga ngoma mara tatu. Wauza vitunguu wanageuka. Modu anasimama na wembe hewani, mteja wake akiwa amenyolewa nusu kichwa.

"Enyi watu wa Kafin Aduwa. Aliyeona asifiche, aliyesikia asinyamaze. Wamepotea wasichana thelathini na wawili. Siku niliyoulizwa nilitaja kumi na tisa, na mmoja niliyemruka alikuwa wa nyumbani kwangu."

Soko limetulia kiasi kwamba mlio wa mzani mmoja unaoyumba unasikika. Tabawa, akiwa nyuma ya karanga zake, anavuta kanga na kufunika uso. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wanawake wa soko wanafanya vivyo hivyo, na wanaume wanageuza nyuso zao upande mwingine, hadi hakuna hata mtu mmoja anayemtazama mpiga mbiu.

"Hindatu," anasema Yero. "Hindatu binti Yero. Mtoto wangu wa kwanza."

Kutoka upande wa shule, hatua mia tatu kutoka sokoni, jina linarudi. Ni jembamba, limechelewa. Wengi wanasema halikupaswa kufika mpaka kule na kurudi, kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kinyume. Ngozi, aliyekuwa ndani akiandika, anasema alilisikia mara mbili, na hakujua kwamba hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Yero anarudi mezani na kuweka dole gumba. Alama inatoka imekwaruzika, na Ngozi anamwomba arudie pembeni. Modu anaingia na kumshika bega, wembe bado mkononi. "Mtumwa wangu," anamwambia, "leo nakunyoa bure." Yero anamwambia akamalize kwanza kichwa cha yule maskini aliyemwacha nje.

Orodha mpya ina majina ishirini na sita. Ngozi anasema itapelekwa mwisho wa mwezi, na kwamba hawezi kuahidi zaidi ya hapo. Redio haijaitaja. Gazeti moja lililoandika kuhusu safari ijayo ya watu wa kati bado limeandika kumi na tisa.

Yero amejipangia kazi. Ijumaa zote zijazo ataita majina ishirini na sita, na kila msichana atakayerudi atamtoa kwenye mbiu kwa kumtaja mara ya mwisho pamoja na shukrani. Anataka pia kupanda mlimani na kijana mwenye simu, amrekodi akiyaita yote, sauti ile ipelekwe kokote inakoweza kufika.

Akiulizwa kama sasa amelizoea jina la binti yake, anatikisa kichwa. Hakulizoea na hana nia ya kulizoea. Atalibeba barabarani, anasema, kwa muda ule tu ambao mwenyewe hayupo.

"Akiingia uani kwangu, silitaji tena," anasema, akiirudisha ngoma kwapani. "Nitamwita Mgeni, kama zamani. Basi Ijumaa mkinisikia nimefika kwenye jina lake nikanyamaza, msiseme mzee ameona haya. Jueni Mgeni amefika."